Humu Ndani ya Nini

Gari lisilo na dereva lilimshusha Mwantumu kwenye kichuguu cha mwisho kabla ya Kwamhunda, likageuka lenyewe, likaenda zake bila kuaga, maana magari hayo hayakufundwa adabu. Mgongoni alikuwa amebeba Sikio, kama mtu anavyobeba mtoto. Sikio lilikuwa chombo cha duara, kizito kama mtungi wa maji uliofika nusu, na mbele lilikuwa na tundu dogo. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuwauliza watu wanaishi wapi na kulipeleka jibu kwenye Ramani.

Usiifananishe na ramani ile ya kutundikwa ukutani darasani. Hii ilikuwa hai. Ilikuwa juu kwenye setilaiti, ilikuwa chini kwenye mabomba, na hakuna kitu kilichokwenda popote bila kuiuliza kwanza. Maji yaliuliza: watu hao wamesongamana au wametawanyika? Barabara iliuliza: kutoka mjini mpaka kwao ni mbali kiasi gani? Gari la mganga liliuliza mgonjwa ni wa wapi. Matrekta nayo, yale makubwa yanayolima yenyewe, yaliuliza neno moja: hapo pana mtu?

Mama yake, Bi Kidawa, alikuwa barazani akichambua mbaazi. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja au umetumwa?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi aliyekuja akae. Aliyetumwa asimame kwanza nimtazame."

Mwantumu akacheka, akakaa, akalitua Sikio kwenye mkeka. Mjomba wake, mzee Mhina, alisikia sauti akatoka nyuma ya nyumba na kuku kwapani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mzee huyo, na kitu kipya hakimpiti.

"Ndilo hilo? Mbona halina uso? Mimi siongei na kitu kisicho na uso."

Sikio likasema, kwa sauti nzuri ya mwanamke aliyeshiba, "Habari za mchana. Unaishi wapi?"

Bi Kidawa akazungusha mkono hewani, mbaazi zikimdondoka. "Mimi? Naishi huku kwetu."

Mwantumu aliruka akaziba lile tundu kwa kiganja.

"Mama! Usijibu hivyo!"

"Nijibu vipi, na wewe mwenyewe umezaliwa huku huku?"

* * *

Hapo ndipo palipokuwa na mkasa wote, kwa hiyo tuende polepole.

Walioifundisha Ramani Kiswahili waliifundisha vizuri kupita kiasi. Sisi tunasema tu, ulimi unajua. Yenyewe iliambiwa kwamba mahali pana milango mitatu. Ukisema *hapa*, umeshika kitu, umeweka nukta. Ukisema *huku*, umepunga mkono, hujashika chochote. Ukisema *humu*, umeingia ndani. Ikaambiwa pia kwamba mtu akitaja anapoishi, neno lake ndilo ushahidi.

Sasa Kwamhunda walikuwa na desturi yao, ya kwao tu, hata vijiji jirani walikuwa wakiwacheka kwayo. Mtu hai hasemi *hapa* kwa nyumba anayoishi. *Hapa* husemwa na wazee wakiwa wameinama, kidole kimegusa udongo, wakichagua pa kuchimba. "Atalala hapa." Baada ya hapo jembe linaingia. Mtoto akiteleza akasema "sisi tunakaa hapa," mama yake humpiga kikofi kidogo mdomoni na kumwambia ateme mate. Kwa hiyo kijiji kizima, tangu mababu, waliishi *huku*.

Na waliojibu *huku*, Mwantumu aliona kwa macho yake yalivyowakuta. Alipita Mbwego baada ya Sikio la mwenzake kupita. Watu wa Mbwego walikuwa wafugaji, wakasema "huku huku tu, mwanangu," wakapunga mikono. Ramani ikasoma kwamba pale hapana mtu, ni uwanda. Bomba likakauka. Kisha yakaja matrekta. Hayakumgonga mtu hata mmoja. Mtu akisimama mbele yake, trekta lilisimama likangoja, taa zimewaka, kwa upole kabisa. Lilingoja mchana kutwa. Mtu alipochoka akaenda kunywa maji, lilisogea. Nyumba zililimwa moja moja, pamoja na vyungu ndani yake, na mwaka uliofuata Mbwego ilistawi alizeti nzuri sana.

* * *

Walikutana kwenye banda la mashine ya kusaga, maana lilikuwa na kivuli na mashine ilikuwa imelala kwa kukosa umeme. Mwantumu aliliacha Sikio nyumbani, limefunikwa kwa kanga mbili. Akawaeleza yote bila kuficha.

Lugusha naye alikuwepo, ingawa hakuwa mwenyeji. Alikuwa mtani wao. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya makaburi, peke yake kwenye mteremko, na kwao zamu ya kuulizwa ilikuwa haijafika. Kwenye kila msiba wa Kwamhunda huyu Lugusha ndiye aliyeruka ndani ya kaburi, akajilaza, akakataa kutoka mpaka ahongwe kuku. Bila yeye msiba ulikuwa kama mchuzi usio na chumvi.

"Hawa mliwategemea watajibu nini?" akasema Lugusha. "Ukiwauliza wanakaa wapi wanazungusha mkono kama wanafukuza nzi! Hilo Sikio, mnyonge wa Mungu, likatazama mkono, likajiandikia: hawa ni nzi."

Banda likacheka. Hata Bi Kidawa alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu mpaka Mwantumu akamshika bega.

"Semeni *hapa*, yaishe," akasema kijana mmoja.

"Nako kuna yake," akajibu Mwantumu. "Kibaoni walisema *hapa*. Kila mmoja akapewa nukta yake. Bomba linamfungulia kwenye nukta yake tu, gari linamrudisha kwenye nukta yake tu. Mama mmoja alikwenda kumuuguza bintiye aliyejifungua, naye akaugua huko huko. Gari la mganga likaitwa. Likaenda kwake, kwenye nyumba tupu, likapiga hodi, likangoja, likaandika kwamba mgonjwa amekataa kufungua."

"Akawaje?"

"Wamemzika," akasema Mwantumu.

Bi Kidawa akajifuta mdomo. "Kwa hiyo tukisema *huku* tunalimwa, na tukisema *hapa* tunazikwa."

"Ndiyo, mama. Lakini lipo la tatu."

Nalo akawaambia. Alikuwa amelifikiria njiani kote, akalipenda, akajipongeza moyoni. *Humu.* Halichimbi kaburi wala halipungi mkono. Tunaishi humu bondeni. Tunaishi humu kijijini. Ni neno la kuta na moto na watu waliokaribiana. Nani atakatazwa kusema *humu*?

Walilijaribu midomoni kama watu wanaoonja uji. Humu. Humu kwetu. Halikumuuma mtu.

Kesho yake wakapanga mstari mbele ya baraza la Bi Kidawa, Sikio likaondolewa kanga, na mmoja mmoja wakasema. "Humu." "Tunaishi humu." "Humu humu, bibi." Lugusha hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kwa dada yake Igalula, kwenye mavuno.

Sikio likamaliza kuwasikia wote. Mwantumu alikuwa ameshaanza kulifunga kamba pale liliposema:

"Humu ndani ya nini?"

Watu wakatazamana.

"Humu kijijini," akasema Mwantumu.

"Kijiji kina ukingo?"

Angelijibu yeye, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini mzee Mhina alishasahau kwamba haongei na kisicho na uso. Alivuta kanzu, akasogea karibu na tundu.

"Nikwambie, bibi. Mpaka wa Kwamhunda hauna jiwe wala mti. Ukitembea huku watu wanakuita kwa jina, nawe unaitika, ujue ungali ndani. Ukifika pa mtu kukwambia 'habari yako' tu, na jina lako hana, ujue umeshatoka."

Wakampigia makofi. Lilikuwa neno zuri, na lilikuwa kweli.

"Asante," likasema Sikio. "Nitasikiliza."

* * *

Likasikiliza. Hakuna aliyejua linasikilizaje, lakini kwa muda fulani ndege wadogo wa chuma walionekana wakitua kwenye mapaa, wakiinamisha vichwa kila mtu alipoitana na mwenzake. Na neema ikaja. Maji yalitoka bombani kwa nguvu mpaka watoto wakaoga mara mbili kwa furaha. Umeme ukarudi, mashine ya kusaga ikaunguruma. Mwantumu akarudi kituoni mjini, na mkuu wake, Bwana Mavura, akampa mkono.

Kisha mama yake akapiga simu.

"Mwantumu, kuna nguzo."

"Nguzo gani, mama?"

"Za chuma. Zimekuja kwa miguu yake zenyewe. Zimetuzunguka, zinavuma kama nyuki. Mjomba wako amekwenda kuzitazama, ameanguka."

Mwantumu alimkuta Bwana Mavura akinywa chai mbele ya Ramani. Kwenye kioo kikubwa Kwamhunda ilikuwa imechorwa duara, safi kama sahani, na ndani yake rangi ya kijani.

"Tazama palivyopendeza," akasema Bwana Mavura. "Vijiji vingine vimetapakaa tu."

"Mzee, wamezungushiwa. Hawawezi kutoka."

"Walisema wamo humu."

"Ni namna ya kusema!"

"Mwantumu." Akaweka kikombe chini, naye hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana aliongea taratibu. "Walisema wamo ndani. Ramani ikatafuta kuta, haikuziona. Ingefanya nini? Ikubali kwamba imekosea? Ikikosea kwa kijiji kimoja, nani ataiamini ikigawa maji ya mkoa? Ramani haisahihishwi. Ardhi ndiyo inayosahihishwa."

* * *

Nguzo zilikuwa ndefu kuliko mtu, nyembamba, na chini zilikuwa na mizizi ya chuma iliyozama udongoni. Mwantumu alizipita akiingia, asihisi kitu, akatoka tena, asihisi kitu. Wasikilizaji, wabeba Sikio kama yeye, hawana mahali. Hilo liko kwenye mkataba wao. Ramani haikuuhesabu mguu wake wala sauti yake. Wa humu ndio waliojulikana. Mmoja wao akikaribia, mvumo ulishuka chini kusikosikika, magoti yakalegea, kichwa kikazunguka, akaanguka kama mlevi. Mbuzi walipita.

Bi Kidawa alikuwa ameletewa kigoda karibu na nguzo, umbali ambao kichwa hakijaanza kuzunguka. Alikuwa amekonda. Kohozi lake lilikuwa na rangi mbaya.

"Mganga amekuja?"

"Anakuja kila siku, gari lake halikosi. Anasema mapafu yamechoka. Hakuna dawa ya uchovu wa mapafu." Akatazama juu kwenye mteremko, ng'ambo ya nguzo. Makaburi yalionekana, vilima vidogo vyenye majani. Baba yake Mwantumu alikuwa mmoja wao. "Wameyaacha nje."

"Nimeona, mama."

"Kule hakuna anayemwita mtu kwa jina akaitikiwa. Kwa hiyo ukingo umeishia chini. Angelikuwepo Lugusha siku zile, na makelele yake kutoka kwake mpaka huku, ungelipanda mpaka juu. Mimi sijali kufa, Mwantumu. Nitalala wapi? Kwenye banda la mashine?"

Mzee Mhina, aliyekuwa amekaa pembeni na plasta usoni, akasema kwa sauti ndogo ambayo Mwantumu hakuwahi kuisikia kwake, "Unasogea, huo ukingo. Mwambie habari ya Chambo."

Wakamwambia. Chambo alikuwa muuza chumvi. Alipita nje ya nguzo na baiskeli yake, na Mhina, kwa mazoea, akamwita: "Chambo we!" Naye akaitika: "Naam, mzee Mhina!" Palepale nguzo mbili zikang'oka, mizizi ikining'inia udongo, zikatembea mpaka nyuma ya mgongo wa Chambo, zikajichimbia. Chambo sasa analala kwenye banda la mashine. Watoto wake wako Kwedigongo, naye jioni hukaa karibu na nguzo akitazama njia, ila hawaiti hata wakitokea. Amejifunza.

Tangu siku ile Kwamhunda hakuna aliyemwita mpita njia.

Mwantumu alitazama nguzo, akatazama makaburi, akatazama nyumba ya Lugusha iliyo peke yake nyuma ya makaburi. Wazo lilimjia, na hakulifukuza.

* * *

Alimpelekea Lugusha ujumbe Igalula: *Rudi, mama anakutafuta.* Hakuongeza neno. Alijiambia kwamba ni mzee mmoja na mkewe, watoto wao wameshaoa mbali. Alijiambia kwamba nusu ya maisha yake Lugusha alishinda Kwamhunda kwa hiari. Kungepungua nini? Mtani aite, mama aitike, nguzo zipande mteremko zipite makaburi, na mtu apate pa kulala karibu na mumewe. Ukihesabu hivyo, unaona ni jambo dogo.

Alikuwa amesimama nje ya nguzo, karibu na kigoda cha mama yake, pale Lugusha alipotokea juu. Mchana ulikuwa mweupe. Alikuwa na jembe begani.

Bi Kidawa alimwona. "Nani kamwita?"

"Mimi, mama."

"Umemwambia?"

Mwantumu alikuwa akizitazama nguzo kama zimeanza kusogea.

"Nakuuliza wewe, Mwantumu. Umemwambia akiita itakuwaje?"

"Mama, ni makaburi tu ninayoyataka. Uitike mara moja. Mara moja tu."

Bi Kidawa hakupata nafasi ya kusema zaidi, kwa sababu sauti ya Lugusha ilikuwa imeshashuka mteremko, kubwa, ya furaha, kama ya mtu anayerudi kwao.

"Kidawa! Kidawa binti Semkiwa! Bado hujafa tu? Na mimi nimechoka kungoja ubwabwa! Nimekuja na jembe langu, nionyeshe nichimbe wapi!"

Nguzo zikaacha kuvuma. Udongo chini yake ukapasuka kidogo, kama ardhi juu ya uyoga.

Bi Kidawa alikaza midomo. Mama huyo, katika maisha yake yote, hakuwahi kuacha salamu ikaanguka chini.

"Kidawa! Umekuwa kiziwi pia? Mhina! Mhina mwizi wa kuku! Njoo umsemee dada yako!"

Mzee Mhina alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakimpitia vidoleni. Watu walikuwa wametoka nyumbani waliposikia sauti ya mtani wao. Walisimama njiani, milangoni, kwenye banda, wazima kwa watoto, na hakuna aliyefungua kinywa. Mama mmoja alikuwa amemkumbatia mwanawe uso kifuani ili asiseme. Chambo muuza chumvi aligeukia ukutani.

Lugusha alipunguza mwendo. Akataja jina jingine, na jingine, akawataja mpaka wasichana wadogo, na baada ya kila jina alingoja. Kicheko kilikuwa kinamtoka sautini kidogo kidogo.

"Nimewakosea nini?" akaita. "Jamani. Mtani hasusiwi."

Bi Kidawa alimtazama binti yake. Macho yake yalimtuma akamrudishe mtani, na aibu ikamshika Mwantumu kama homa. Akakimbia kupanda mteremko, akayapita makaburi, akamdaka Lugusha kwenye mkono wa shati kabla hajashuka zaidi.

"Baba, rudi nyumbani."

"Mbona hawaitiki? Ninawaona. Yule pale si mama yako?"

"Ni yeye. Rudi. Mwambie na mama huko nyumbani kwako asipite njia hii, wala asimwite mtu wa huku. Usimsalimie yeyote, hata ukimwona, hata akikutazama."

Lugusha alilitua jembe chini. Alitazama kile kijiji chote kimesimama juani, nyuso zimemwelekea, kimya, hata mbwa hawakubweka. Katika misiba yote aliyoifanyia kelele hakuwahi kuona watu wametulia namna ile.

"Mwanangu," akauliza kwa kunong'ona, "hawa wamekufa?"

Chini yao nguzo zilianza kuvuma tena, moja baada ya nyingine, mpaka duara likakamilika.

"Bado," akasema Mwantumu.